Jina la mtalaka, jina la baba, au yote mawili: ulinganisho kwa aliyetoka kwenye ndoa

Kabla ya yote, fungua mkoba, toa kitambulisho cha taifa, ukisome. Usikisome kwa mazoea, kisome kama unamsomea mtu mwingine. Niliwahi kukaa jioni nzima na mwenzangu mmoja, chai ikapoa, tukibishana kama arudie jina la baba yake au abaki na la mtalaka wake. Kwa miaka kumi na moja kanisani, kazini na kwenye kadi za michango alikuwa Misesi fulani. Tulipokuja kutazama kitambulisho, jina la mume halimo. Halikuwahi kuwamo. NIDA ilimwandikisha kwa cheti cha kuzaliwa, benki ikafuata NIDA, laini ya simu ikafuata kidole chake. Jina la mume lilikuwa midomoni tu. Kazi iliyombakia ilikuwa kuwaambia watu, na chai tukaipasha upya.

Naanza na kisa hicho kwa sababu wapo wengi wa aina yake. Tanzania na Kenya hakuna sheria inayomlazimu mke kuchukua jina la mume. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 haisemi hivyo, na ile ya Kenya ya 2014 nayo haisemi. Protokali ya Maputo iliyopitishwa na Umoja wa Afrika mwaka 2003, ambayo nchi zote mbili zimeiridhia, inasema katika ibara ya 6 kwamba mwanamke aliyeolewa ana haki ya kubaki na jina lake la kuzaliwa na kulitumia apendavyo, peke yake au pamoja na la mume. Kwa hiyo jina lako kama lilibadilika, lilibadilika kwa mazoea ya watu au kwa fomu uliyojaza mwenyewe. La mazoea halihitaji fomu ili lirudi.

Na kwa Waislamu wengi wa pwani, Lamu hadi Kilwa na visiwani, swali lenyewe ni geni. Binti Suleiman huolewa akabaki binti Suleiman, kwa sababu nasaba haihami na mahari. Wanaolieleza kwa dini hukumbusha aya ya 5 ya Sura ya Al-Ahzab, inayoamuru watu waitwe kwa baba zao. Rais Samia Suluhu Hassan aliolewa na Hafidh Ameir mwaka 1978 na jina lake likabaki la kwao. Ninayoandika hapa yanawahusu zaidi wale ambao desturi ya Misesi iliwaingia kupitia misheni, shule na ofisi, wakaifuata hadi kwenye karatasi.

Basi kama umekisoma kitambulisho na jina la mume limo kweli, mbele yako kuna njia tatu: kubaki nalo, kurudia ubini wako, au kubeba yote mawili.

Vipimo

Nazipima njia hizi kwa mambo matano. Kwanza makaratasi: kazi, muda na pesa. Pili watoto. Tatu kazi yako na jina ambalo watu wamekuzoea nalo. Nne wazee, mashemeji na mtaa. Tano moyo wako mwenyewe, ambao nimeuweka mwisho kwa makusudi, maana ukianza nao utaamua kwa hasira ya wiki ya hukumu, na hasira ya wiki hiyo haidumu kama pasipoti ya miaka kumi inavyodumu.

Makaratasi

Kubaki ni rahisi kuliko njia zote. Siku ya kwanza huna la kufanya. Mahakama ikivunja ndoa imevunja ndoa, haijagusa kitambulisho, wala sijaona katika Sheria ya Ndoa kifungu kinachompa mtalaka haki ya kukuvua jina. Ila urahisi huu una mkia. Cheti chako cha kidato cha nne kina jina uliloandikishwa nalo shuleni, la baba. Ulipokuwa ndani ya ndoa, aliyeuliza mbona majina hayalingani alijibiwa kwa cheti cha ndoa. Sasa utalazimika kubeba cheti cha ndoa iliyokwisha, na cha talaka juu yake, kila uendapo kuomba kazi. Na maofisini Tanzania jambo hili si dogo. Aprili 2017 Rais Magufuli alipokabidhiwa Dodoma orodha ya watumishi 9,932 waliokutwa na vyeti vya kughushi, kila mwenye jina la cheti lisilofanana na la kitambulisho alijikuta akijieleza, hata kama vyeti vyake ni halali kama maziwa ya mama.

Kurudi ndiko kwenye jasho. Tanzania, talaka yako iwe kwanza ya mahakama. Kwa kawaida shauri hupita kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa, likishindikana ndipo linakwenda mahakamani, na hata talaka ya Kiislamu iliyotamkwa nyumbani inahitaji kupita njia hiyo ili itambulike katika sheria ya nchi. Ukishapata amri ya mahakama na talaka ikasajiliwa RITA, unakwenda kwa wakili akuandalie hati ya kiapo ya kubadili jina, inayosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Afisa akikuuliza kama una "didi poli", anaiulizia hiyo hiyo. Kenya nako hati ya namna hiyo husajiliwa na tangazo lake huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Kenya. Aliyekuwa ameongeza jina la mume kwa kuonyesha cheti cha ndoa tu, huenda na hukumu ya mwisho ya talaka kwenye usajili wa watu.

Hapo ndipo safari inapoanza. Anza na kitambulisho cha taifa, kwa sababu vingine vyote vinaning'inia kwake. Namba yenyewe ya NIDA, ile ya tarakimu 20 inayoanza na tarehe yako ya kuzaliwa, haina jina ndani yake, hivyo usiogope kwamba utakuwa mtu mpya serikalini. Baada yake zifuate laini ya simu, benki, TIN, leseni ya udereva, bima ya afya, NSSF au PSSSF, hati ya kiwanja, jina la biashara kama umelisajili BRELA, na daftari la SACCOS au VICOBA. Pasipoti ya Tanzania imekuwa ikitolewa kwa Sh150,000, kwa hiyo kama iliyopo inakaribia kuisha, ivumilie imalize siku zake. Panga safari hii kwa miezi, si kwa wiki.

Kuna faida moja ambayo watu huisahau. Ukirudia ubini, kitambulisho na vyeti vya shule vinapatana tena. Kinachobaki na jina jingine ni karatasi za katikati tu, zile za miaka ya ndoa, na hati yako ya kiapo ndiyo inayozifunga pamoja. Tengeneza nakala kadhaa zilizothibitishwa. Moja ibaki kwa mama yako au kwa dada yako, usiniulize kwa nini.

Kubeba yote mawili kuna kazi ile ile ya kurudi: hati ile ile, ofisi zile zile. Kunaongezeka tatizo la nafasi. Fomu zetu zina visanduku vitatu, la kwanza, la kati na la mwisho. Ukiunganisha kwa kistari, mfumo mmoja utakikubali, wa pili utakikataa, wa tatu utayagandisha majina yawe neno moja refu kama jina la kijiji. Wengi wanaofaulu huweka ubini katikati na la mtalaka mwisho, au kinyume chake, bila kistari.

Njia ambayo simshauri mtu ni ya nusu nusu, na nasema kwa sababu niliipita. Nilibadili kitambulisho, benki nikasema nitakwenda wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa mwaka na nusu. Siku nilipokwenda kuomba mkopo mdogo, dada wa dirishani aliweka kitambulisho changu na kadi ya benki sambamba, akaviangalia, akaniangalia, akauliza kwa upole: "Hawa ni wangapi?" Watu wa kwenye foleni walicheka. Nami nilicheka, baadaye.

Watoto

Hapa ndipo akina mama wengi huamulia, na mara nyingi kwa hofu kubwa kuliko jambo lenyewe.

Ukibaki, jina lako na la watoto yanafanana shuleni, zahanati na mpakani. Ni starehe ya kweli, hasa kwa mwenye watoto wadogo ambaye kila mwezi ana fomu ya kusaini. Lakini usidhani jina linakuondolea maswali yote. Unaposafiri na mtoto nje ya nchi unaweza kuombwa barua ya ridhaa ya baba hata kama majina yenu yanafanana herufi kwa herufi.

Ukirudi, tofauti inaonekana. Hata hivyo umama wako haumo kwenye jina, umo kwenye cheti cha kuzaliwa cha mtoto, ambacho kina jina la mama. Tatizo ni kwamba jina hilo ni la siku ile. Kama ulijifungua ukiwa na jina la mume, cheti cha mtoto kitakutaja kwa jina usilolitumia tena, na hati ya kiapo itabidi isafiri pamoja nacho. Wala cheti cha mtoto hakihitaji kubadilishwa. Ndivyo ulivyokuwa ukiitwa alipozaliwa, na ni kweli.

Tena tusijitishe kwa mambo ya Ulaya. Sehemu kubwa ya Tanzania mtoto hubeba jina la baba yake kama jina la pili na la babu kama la tatu. Mwalimu wa darasa amezoea kuona mama ambaye hafanani hata herufi moja na mtoto. Na mtaani wewe ni Mama Neema au Mama Otieno, kulingana na mtoto wako, na jina hilo halina talaka. Muuza mkaa wangu hakuwahi kujua jina la mume wangu, na hakujua nilipoliacha.

Yote mawili yanampa mtoto uzi wa kuushika: jina lake limo ndani ya lako. Kama una mtoto wa miaka kumi au zaidi, muulize. Usimwachie uamuzi, maana huo ni mzigo wa mtu mzima, ila muulize. Wangu alisema, "Mimi nitaendelea kukuita mama," akarudi kucheza.

Kazi, na jina ulilolijengea

Ukiwa umesomea, umechapisha, umesajiliwa kwenye baraza la taaluma au umefungua duka ukiwa na jina la mume, jina hilo lina jasho lako ndani yake. Mwimbaji Tina Turner alipoachana na mumewe Ike mwaka 1978 aliziacha mali nyingi mezani, jina akalishikilia, kwa sababu jukwaani ndilo lililokuwa mtaji. Angela Merkel alizaliwa Kasner. Merkel ni jina la mume wa kwanza, waliyeachana 1982. Mwaka 1998 aliolewa na Joachim Sauer, akabaki Merkel, na kwa jina la mtalaka huyo akaiongoza Ujerumani miaka 16. Hakuna aliyemwona kama mke wa mtu aliyeachwa, jina lilikwisha kuwa lake. Hiyo ndiyo hoja nzito kabisa ya kubaki, na inamfaa pia fundi cherehani wa Kariakoo ambaye wateja wanaulizia kwa jina hilo hilo.

Kurudi kunagharimu zaidi hapa kuliko mahali pengine. Daktari, muuguzi, mwalimu au wakili atabadilisha pia usajili wake wa taaluma. Mwandishi atakuwa na makala za jina moja na makala za jina lingine, na msomaji asiyejua atadhani ni watu wawili. Kwa mwenye biashara ndogo kuna jambo la kila siku zaidi: mteja akikulipa kwa simu, jina linalomtokea ni uliloandikishia laini, na Tanzania tangu usajili wa alama za vidole wa 2019 na 2020 laini hufuata NIDA. Mteja akizoea jina moja, siku akaona lingine, atasita. Kibandike kikaratasi dukani mwezi mmoja, "malipo yatasoma jina fulani", nao watazoea haraka kuliko unavyodhani. Kwa upande mwingine, aliyeanza kazi baada ya ndoa kuvunjika, au ambaye kazi yake haijulikani kwa jina, hapotezi kitu akirudi.

Kuhusu kubeba yote mawili, Afrika imetupa mifano miwili mikubwa, na mmoja wake si wa yote mawili hasa, ni wa njia ya peke yake. Winnie alipoachana na Mandela mwaka 1996, alijiita Madikizela-Mandela. La baba mbele, la mtalaka nyuma, miaka ya mapambano ikabaki inasomeka.

Wa pili ni wa nyumbani zaidi. Wangari Muta aliolewa na Mwangi Mathai mwaka 1969. Mwaka 1971 akapata shahada ya uzamivu Nairobi, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kufika hapo, na 1977 akaanzisha Green Belt Movement. Ndoa ilivunjwa mahakamani mwaka 1979, kwa shauri lililowekwa hadharani na kumuumiza, hadi akafungwa siku chache kwa kumkosoa jaji. Kisha mtalaka wake, kupitia wakili, akamtaka aache kutumia jina lake. Wangari hakuliacha wala hakulibakiza: aliongeza "a" moja. Mathai ikawa Maathai. Tuzo ya Nobeli ya Amani ya 2004 ina a mbili ndani yake. Binti yake Wanjira, anayejulikana naye katika kazi za mazingira, huandikwa Mathai kwa a moja. Mama na binti, herufi moja kati yao, na sijasikia mtu aliyewahi kuuliza kama ni ndugu.

Nampenda sana Wangari kwa herufi ile. Lakini mwenzangu usiige kwa wepesi. Mwaka 1979 herufi moja ilikuwa msimamo. Leo, kwenye kompyuta ya benki, herufi moja ni mtu mwingine kabisa, na utapigwa kalenda hadi uchoke. Ukitaka kufanya hivyo, ifanye kwa hati iliyosajiliwa, usiifanye kwa kalamu.

Wazee, mashemeji na mtaa

Kubaki huleta maneno upande wa mume. "Aturudishie jina letu," mashemeji watasema, hasa mke mpya akiingia na kukuta kuna Misesi mwingine mjini. Upande wako nako baba anaweza kunyamaza kimya kinachosema. Kurudi huwafurahisha baadhi ya wazee na kuwaaibisha wengine, kwa kuwa jina la baba likirudi mdomoni mwako linatangaza kwamba ndoa imekwisha, na zipo familia ambazo zingependa tangazo hilo lichelewe. Ambako mila inazungumzia kurudisha mahari, jina huchanganywa humo humo kama ni sehemu ya hesabu. Si sehemu ya hesabu. Yote mawili hupunguza kelele pande zote mbili na hayamfurahishi mtu kikamilifu, jambo ambalo kwa baadhi yetu linatosha.

Hapa kuna uvumi mmoja wa kuuvunja: kwamba ukiacha jina la mume umeacha na haki yako katika nyumba. Hapana. Katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu la 1983, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikubali kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali iliyochumwa ndani ya ndoa. Mahakama hupima mchango, haipimi jina. Kenya mambo haya yamo katika Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013. Na kinyume chake ni kweli pia: kubaki na jina hakukufanyi mjane siku mtalaka akifariki.

Moyo

Kuna anayesikia jina la mtalaka likiitwa hospitalini na tumbo likamkaza. Huyo asihesabu gharama za pasipoti, arudi. Kuna ambaye jina la baba ndilo lenye kidonda, baba aliyemkana, na jina la ndoa, hata ndoa mbaya, ndilo la kwanza alilolichagua mwenyewe. Huyo naye asisukumwe "kurudi nyumbani" na watu wasiojua nyumba ile. Na kuna asiyesikia chochote, jina kwake ni kama namba ya nyumba. Namwonea wivu.

Nani anafaa wapi

Kubaki kunamfaa mwenye watoto wadogo na fomu nyingi, mwenye kazi inayojulikana kwa jina hilo, na mwenye talaka ya amani kiasi kwamba jina halina mwiba. Halimfai sana anayewinda ajira serikalini huku vyeti vyake vyote vikiwa na jina la baba.

Kurudi kunamfaa aliyeolewa muda mfupi, ambaye karatasi zake za ndoa ni chache. Kunamfaa asiye na watoto, au mwenye watoto wakubwa, na yeyote ambaye jina lile linamchoma. Kunamtaka mwenye subira ya foleni na nidhamu ya kumaliza.

Yote mawili yanamfaa mwenye historia ndefu chini ya majina yote mawili, kama mwalimu wa miaka ishirini ambaye nusu ya wanafunzi wanamjua kwa hili na nusu kwa lile. Asiyetaka kueleza jina lake kila mahali ayakwepe. Ipo pia njia ya pembeni ya kuchukua jina jipya kabisa, la bibi aliyekulea pengine. Sheria inairuhusu kwa hati ile ile ya kiapo, ila utakuwa umetofautiana na vyeti vya shule na vya ndoa kwa pamoja.

Kwa hali yako

Talaka bado haijatoka mahakamani: usibadilishe kitu. Kusanya nakala za cheti cha kuzaliwa, cha ndoa na vya watoto, uziweke mahali ambapo wewe peke yako unapafikia.

Ndoa imeisha kwa kifo, si kwa talaka: mirathi kwanza. Jina la mjane kwenye cheti cha ndoa na kwenye kitambulisho yakifanana wakati wa kufungua shauri, umejipunguzia maelezo. Mirathi ikifungwa, uko huru. Graça Machel alifiwa na Samora mwaka 1986, akaolewa na Nelson Mandela 1998, na jina la Machel hakuliacha hata siku moja.

Unatarajia kuolewa tena karibuni: rudi kwa ubini sasa, au baki ulivyo, kisha kwenye ndoa ya pili usibadilishe tena. Majina matatu ndani ya miaka mitano hakuna afisa atakayeyafuata kwa tabasamu.

Uko ughaibuni: Uingereza, amri ya mwisho ya talaka pamoja na cheti cha ndoa kwa kawaida hutosha kurudia jina. Marekani, mwombe jaji aandike ruhusa ya kurudia jina ndani ya hukumu yenyewe, kabla kesi haijafungwa, maana baadaye ni shauri lingine na ada nyingine. Kisha kumbuka pasipoti ya nyumbani. Kuwa fulani kule na fulani mwingine ubalozini ndiyo ile nusu nusu niliyoisema, kwa dola.

Una kesi ya matunzo ya watoto au ya mgawanyo wa mali inaendelea: mwulize wakili wako kabla ya kugusa jina, ili majalada yote yabaki na mdaawa mmoja.

Na kama tiketi imeshakatwa, iwe ya Muscat, Dubai au Toronto, safiri na jina lililo kwenye pasipoti hata kama hulipendi tena. Ukirudi, Jumatatu asubuhi, anza NIDA.